Matangazo Yaliyosomwa na Mbuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi za baraza pale Kajiado, nilipewa nyundo, kopo la misumari na sufuria ya uji wa unga wa ngano. Nilidhani uji ni wa saa nne. Karani wa Baraza, mkuu wa watumishi wote, alinitazama nikitafuta kikombe.

"Hiyo ni gundi, kijana," akasema. "Ukiinywa, tangazo utabandika na nini?"

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kubandika matangazo. Maamuzi makubwa yalisikika redioni. Yale madogo, kama kuhamisha siku ya soko, kufunga kichochoro au kubadilisha matumizi ya kiwanja, yalimfikia mwananchi kwa karatasi na mtu kama mimi. Nakala moja ilikaa kwenye ubao wa ofisi, moja sokoni, na moja kwenye ardhi yenyewe. Hapo ndipo kipindi cha pingamizi kilipoanza, yaani muda wa mwananchi kusema hapana. Kikipita kimya, kimya hicho kilichukuliwa kuwa ndiyo.

Adui yetu mkubwa alikuwa mbuzi, ambaye anapenda unga na hajali sheria. Nilipohamishiwa Ewuaso Kedong nilikuwa nikibandika asubuhi, na adhuhuri nakuta imebaki pembe yenye muhuri tu. Mkubwa wangu kule, Afisa wa Soko, mama mcheshi sana, alicheka hadi akashika mbavu.

"Mbuzi wa huku wamesoma kushinda madiwani," akaniambia. "Weka pilipili kwa gundi. Msomaji wa kweli atavumilia."

Nilitia pilipili. Walivumilia. Tangu hapo nikawa natumia misumari na ubao, juu kupita shingo ya mbuzi.

Kitengela nilifika nikiwa nimeiva. Kando ya barabara ya Namanga palikuwa na uwanja wenye hori la maji, ambapo mifugo kutoka upande wa Kisaju ilipumzika kabla ya kuingia sokoni. Siku za soko hukuweza kuona ardhi kwa wingi wa migongo. Siku nyingine palikuwa na vumbi na upepo tu. Afisa wa Mipango alikuja kukagua siku ya vumbi na upepo, akaandika alichokiona: "ardhi wazi isiyotumika". Mtu fulani alikuwa ameomba uwanja huo uwe wa maduka, nami nikatumwa kupigilia tangazo.

Mama Nasieku, aliyeuzia wachungaji chai pale na kunywesha ng'ombe wake kwenye hori lile, alikuja kusimama nyuma yangu.

"Takwenya, yeiyo," nikamwamkia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Iko," akaitikia. "Kijana wa baraza, hiyo karatasi inasema nini?"

Nikamsomea namba ya kiwanja, na yale maneno "ardhi wazi isiyotumika".

"Hiyo ni wapi?"

"Ni hapa tumesimama."

"Hapa? Na umesema haitumiki?" Akaelekeza mkono chini. "Sasa hii samadi yote ni ya nani? Ya diwani?"

Nikamweleza kuhusu kipindi cha pingamizi, na kwamba kimya ni kukubali.

"Kwa hivyo nikinyamaza nimekubali? Hata mume wangu hakuthubutu kuhesabu hivyo."

Alijua atakachopoteza. Bila uwanja ule, mifugo ingesimama kwenye lami katikati ya malori, na bila hori, ng'ombe wake wangerudi kutegemea mto uliokuwa ukikauka kila kiangazi. Alimfuata Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye jamaa zake walitoka Garissa, wakasafiri pamoja hadi Kajiado kabla muda haujaisha. Karani wa Baraza aliwataka waandike pingamizi.

"Sisi tumeleta midomo," Mzee Abdi akasema. "Kalamu ni yenu."

Karani akacheka, akamwita mpiga chapa. Kamati ya Mipango ilipoketi, Mwenyekiti alitandaza ramani mezani.

"Mama, kwa ramani hapa hakuna kitu."

"Hiyo ramani ilikuja siku gani?" Mama Nasieku akauliza. "Sisi tuko na siku zetu."

Mwenyekiti, mtu mwenye haki ingawa mzito, alikunja ramani na kuahirisha kikao hadi siku ya soko, kule kule uwanjani. Siku hiyo gari la kamati lilizingirwa na ng'ombe mbali na hori. Wakamalizia kwa miguu, viatu vyao mnavijua vilikuwaje. Ombi lilikataliwa palepale, na uwanja ukaandikishwa kuwa wa kupumzishia mifugo.

Jioni nilimpongeza Karani. Alikuwa akifunga madirisha, wala hakuonekana mwenye furaha.

"Tangu niingie ofisi hii," akasema, "hilo ndilo pingamizi la kwanza kuletwa mbele yangu. Fikiria yote yaliyopita kimya."

Nimestaafu, na bado nayafikiria. Naikumbuka kazi ile kwa mapenzi: harufu ya gundi asubuhi, watu kunisimamisha njiani kuuliza, "Leo umetuletea nini?" Siku hizi matangazo yako kwenye tovuti na magazeti, kwa Kiingereza cha mawakili, na hakuna wa kumsimamisha njiani. Vijana, ulizeni. Mkiona kibao kimepigiliwa kwenye ua, shukeni kwenye pikipiki mkisome, kisha muulize ni wapi, na mwisho wa kusema hapana ni lini.

Majuzi, siku ya soko, nilikuwa nimesimama pale uwanjani. Gari jipya lilikwama katikati ya mifugo. Kijana nadhifu akateremsha kioo.

"Mzee, shikamoo. Hii ploti iko na mwenyewe?"

Nikatazama wachungaji, akina mama wa chai, wanunuzi wakibishana kuhusu meno ya beberu.

"Iko naye," nikamjibu. "Shuka umsalimie."