Nilipoupima Mlango wa Masanja

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kila nikishika brashi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, makopo ya rangi kutoka nje yamejaa madukani Bariadi, na kila aliyeweza kupanda ngazi alijiita fundi. Mmoja wao alikuwa Masanja. Sikufichi, nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Chekechea ya Ngulyati niliipaka mimi rangi ya kwanza. Ilipofika zamu ya kupakwa upya, kamati ikampa yeye. Watu wakisimama kuusifia mlango wake mweupe, mimi napita njia nyingine.

Siku zile Mwalimu Kabula, mama mtu mzima aliyefundisha kemia sekondari, alikuwa ametueleza mafundi kuwa rangi nyingine zina madini ya risasi, na mtoto akila magamba yake akili hudumaa. Akatuonyesha kupima: unachanja rangi kwa wembe, unadondosha dawa inayonuka kama yai viza, na penye risasi panageuka peusi. Wenzangu waliwafikiria watoto. Mimi nilimfikiria Masanja.

Nikaomba kichupa cha dawa, nikaita kamati na wazazi. Nikauchanja ule mlango kwa nguvu mpaka mbao ikaonekana, nikadondosha. Pakawa peusi.

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Anawalisha wanetu sumu!"

Mama mmoja akamvuta mwanawe kando. Masanja akavua kofia, akasogea kuutazama mlango. Nilifurahi, mwanangu, na furaha ile naionea aibu hadi leo.

Mwalimu Kabula, aliyekuja pamoja na kamati, akatoa lenzi. Akachanja pengine, taratibu, kwa mshazari, ili kila tabaka la rangi lionekane peke yake. Akadondosha, akaniita kwa Kisukuma kama mama amwitavyo mwanawe.

"Ng'wanawane, hebu tazama mwenyewe. La juu limebaki jeupe. Lililogeuka jeusi ni la chini." Akanitazama usoni. "La chini alipaka nani?"

Wote walijua, ila waliniachia nijibu. Wanangu wawili walisoma pale, na rangi ya mlango ule waliibandua kwa kucha kila siku.

"Mimi," nikasema.

Nilingoja Masanja anitukane. Akavaa kofia yake. "Basi kalete maji, kaka. Tuuloweshe ndipo tuukwangue, vumbi lisiwafikie watoto." Maneno yale yaliniuma kuliko tusi. Wivu haukuniisha, safari hii niliuonea wivu moyo wake.

Mwanangu, wivu utakujia, usijidanganye. Siku ukikujia, usishike kipimo cha kumpima mwenzako, maana utachanja hadi upate unachokitaka. Anza na kazi yako mwenyewe, mapema, kabla wanao hawajailipia. Mungu aibariki mikono yako, akupe mshindani mwema, na akujalie kumshukuru angali hai. Mimi wangu nilichelewa kumshukuru.