Supu ya Madam Selma

Mjini Voi, nyuma ya steji ya matatu, saluni zimezidi vichwa. Lakini mwanamke akitaka kusukwa na papo hapo ashauriwe tamthilia ya kutazama, alikwenda kwa Wakio. Naye Wakio hakukuuliza unapenda nini. Alikishika kichwa chako kama anayechagua tikiti sokoni, kisha akakuandikia dawa. Umeachwa? Tazama ile ya Wafilipino, ya pacha waliobadilishwa hospitalini, utalia mpaka umsahau. Mume ana kiburi? Ile ya Wanaijeria, ya chifu aliyekula urithi wa yatima, tena hakikisha ameketi hapo karibu. Una mtihani? Usitazame yoyote, dadangu, lakini ukishindwa anza na ya Wakorea, ni fupi.

Watu walimwamini, na kwa nini wasimwamini? Runinga ya saluni iliwaka kutwa. Ila mteja mmoja akimaliza kusukwa, anayeketi baada yake anataka yake. Kwa hiyo Wakio alijua mwanzo wa kila tamthilia iliyofika Voi, na mwisho hakuujua hata wa moja. Mwisho aliletewa na wateja, naye akaitikia tu, "Si nilikwambia?"

Basi Crispus, fundi wa pikipiki, akataka kumwoa. Kikwazo kilikuwa mama yake, huko Kishushe. Mama Crispus alikuwa na sharti lake: wazee hawatoki kwenda kuposa kwa kina Wakio mpaka binti aje jikoni kwake, apike, naye mama ale ashibe. Wakio akaona ni heri atangulize upendo. Akampa Crispus flashi yenye tamthilia.

"Mwambie mama nimemchagulia iliyo bora kuliko zote. Ina familia, ina heshima. Mimi nimeitazama yote mara mbili."

Ilikuwa Nyumba ya Madam Selma. Wakio alikuwa ameona pale mwanzo tu, ambapo mke wa mwana, mpole kama njiwa, anamkanda miguu mama mkwe, Madam Selma mwenyewe. Akaona hapo pana funzo zuri.

Kishushe hutazami unavyotaka, unatazama betri ya sola inavyotaka. Mama Crispus alialika kina mama wa kanisani, wakafuatilia kidogo kidogo kila jioni. Yule njiwa kumbe alikuwa mwewe. Jioni moja akaingia chumbani kwa mama mkwe na bakuli la supu, muziki ukabadilika, na betri ikazima. Kesho yake mawingu yakatanda. Jua halikuonekana tena, hata Jumamosi, siku aliyofika Wakio.

Akapika kimanga. Akaponda mihogo na maharagwe mpaka bega likamuuma, akapakua, akamtengea mama kwa magoti. Mama Crispus akalitazama bakuli. Nzembi, jirani yake na mmoja wa wale kina mama wa kanisani, naye akalitazama. Crispus akanyoosha mkono, mama akauchapa.

"Subiri, wewe."

"Kwani kuna nini, mama?"

"Hakuna. Kinapoa."

Kikapoa. Kikapoa sana.

"Mama, nimezidisha chumvi?" Wakio akauliza.

"Nitajuaje, mwanangu? Sijaonja."

Nzembi akashindwa kuvumilia. "Hebu tuambie wewe. Yule msichana alitia nini kwenye ile supu?"

"Supu gani?"

"Anauliza supu gani! Si wewe uliyeitazama mara mbili?"

Hapo Wakio akaelewa. Akachota kijiko kikubwa, akala mbele yao. Mama Crispus akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hata yule alionja kwanza, kule jikoni. Alikuwa ameshakunywa maziwa ya kuua sumu."

"Mama, hayo ni mambo ya TV!" Crispus akalalamika.

"Nyamaza. Mtoto wa Selma naye alikuwa mjinga hivyo hivyo."

Wakio angeweza kutunga. Ulimi wake ulikuwa tayari: supu ilikuwa ya kuku tu, wakakumbatiana, wakaenda kanisani. Lakini siku moja jua lingetoka, betri ingejaa, na mwisho wa kweli ungemkuta yeye ndani ya nyumba hii, ni mke wa watu.

"Mama, sijui."

"Hujui nini?"

"Ya supu. Sikufika huko. Niliona mwanzo tu. Tena mama, hakuna hata moja niliyowahi kuimaliza. Watu huniuliza, nami huwajibu."

"Ulisema mara mbili."

"Nilidanganya. Nilitaka unipende kabla hujaniona."

Kuku akaingia, Mama Crispus akamfukuza.

"Nzembi, yule wa Selma aliwahi kukubali kosa?"

"Yule? Si alishikwa na pete ya mama mkwe kidoleni, akaapa imejivalisha yenyewe!"

Mama Crispus akalivuta bakuli. Akatia kijiko cha kwanza mdomoni, akakizungusha huko ndani kwa muda mrefu, macho kwenye mabati, kama anayesubiri kuona nani atamfikia kwanza, utamu au Mungu. Kisha akachota cha pili. Alipomaliza akafuta midomo.

"Chumvi haikutosha," akasema. "Crispus, waambie wazee wajitayarishe."

Wakio akapumua, akampakulia Nzembi naye bakuli lake. Nzembi akalifunika vizuri kwa sahani.

"Asante, binti yangu, Mungu akubariki. Mimi nitakula kesho, nikishaona Mama Crispus ameamkaje."