Manowari ya Bibi

Leo nilipofungua sanduku letu hapa kijijini Quitunda, harufu ya karafuu ilitangulia, kisha nikaiona kadi ya bibi yenye picha ya manowari ya dohani tatu. Baba yake bibi alichochea makaa humo mpaka vita vikaisha, na meli ikakatwa chuma chakavu. Nyuma ya picha alimwandikia bintiye, ndiye bibi, kwa herufi za Kiarabu.

Nilipokuwa mdogo bibi aliugua, akawa hali kitu. Nikadhani maandishi yale ni dua. Nikayaosha kwa maji, kama mwalimu wa chuo cha Kurani aoshavyo aya za kombe la mgonjwa, nikampelekea anywe.

Mama alipoona nyuma ya kadi peupe, alinijia juu. "Umefuta mwandiko wa babu yangu!"

Bibi akamaliza kikombe.

"Mwache. Aliandika, 'Nimepona, narudi.' Sasa maneno yake yamo tumboni mwangu."

Kulipokucha aliomba uji, tena wa nazi.