Mluzi wa Redio ya Baba

Gari la baba ni stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya maziwa, lenye umri unaomzidi kitinda mimba wetu. Redio yake ilikuwa na mluzi. Ukiwasha injini unaanza chini, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachilia unashuka. Kwaya ikiimba, mluzi uko juu yake kama nzi kwenye uji. Baba aliendesha hivyo hivyo, sauti imefunguliwa hadi mwisho, goti limeegemea spika ya mlangoni, uso hauna habari.

Mimi natengeneza redio na simu hapa Kwa Vonza, na sipendi kushindwa na waya. Kila nilipokwenda nyumbani Nunguni nilimwomba aniachie gari kwa saa chache tu. Ananitazama mdomo, kama anavyomtazama kila mtu, kisha anasema, "Iache, mwaitu. Hainisumbui." Nina jina la mama yake, ndiyo maana ananiita mama.

Wakati huo ndugu zangu walitaka anyang'anywe ufunguo. Amezeeka, walisema, na barabara ya Nunguni ni kona tupu. Niliwajibu vibaya. Niliwaambia mzee hajawahi kugonga hata kuku, na gia anabadilisha vizuri kuliko wao wote. Hiyo ilikuwa kweli. Pia nilijua kwamba bila gari atakaa kwenye kiti uani hadi aishe.

Basi siku moja akalala kwangu, akielekea Kanyangi kumwona dada yake. Asubuhi, yeye akiwa kwenye chai, nikafungua boneti bila kuuliza mtu.

Injini ikiwa imezimwa, redio ilikuwa safi. Kwa hivyo mluzi ulitoka kwenye altaneta, ile inayochaji betri. Nikachomoa antena, mluzi bado. Kumbe ulikuwa ukipitia kwa waya. Nikalala chali chini ya dashibodi, vumbi likinimwagikia machoni, nikakuta waya wa ardhi umefungwa kwa skrubu yenye kutu, tena juu ya rangi. Nani hufunga waya wa ardhi juu ya rangi? Nilimtukana fundi huyo, popote alipo. Nikakwangua hadi chuma kikang'aa, nikaufunga upya. Mluzi ukapungua, lakini haukuisha. Waya wa moto wa redio nao ulikuwa umefungwa pamoja na wa altaneta njia nzima. Nikautenganisha, nikaupeleka moja kwa moja kwenye betri, nikauwekea fyuzi. Nikawasha. Kwaya peke yake. Nilifurahi, sikatai.

Nikapanda naye twende Kanyangi. Kwenye kilima cha kwanza gia ya kwanza ikalia, ikalia, hadi gari likatetemeka. "Baba, weka ya pili." Macho yake barabarani. Nikarudia kwa sauti kubwa. Kimya. Goti lake lilikuwa likipapasa mlango. Kisha akabahatisha, akaruka hadi ya nne, gari likazima katikati ya barabara. Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu. Baba hakugeuka, wala bega halikushtuka.

Akaliwasha, akaliegesha kando, ndipo akanitazama.

"Umetoa ile kitu," akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa inaniambia gia, hapa gotini."

Miaka yote hiyo tulidhani ni mtu asiyependa maneno akiendesha. Tulimtania nyumbani kwamba anatuhesabu meno, kumbe alikuwa akisoma midomo yetu. Sasa alikuwa akisubiri, na koleo lilikuwa mfukoni mwangu. Kurudisha waya kwenye kutu si kazi.

"Irudishe, mwaitu," akasema.

Ningeirudisha, angeendesha vizuri hadi Kanyangi, na angerudi Nunguni bila kukwaruza kitu. Ndugu zangu wasingejua. Lakini ile honi ilikuwa bado masikioni mwangu, mimi peke yangu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilingoja anitazame mdomo. "Baba, nipe ufunguo."

Alielewa mara moja. Akauchomoa, akauweka kiganjani mwangu.

"Na wewe ndiye ulikuwa unanitetea," akasema.

Nilimjibu, lakini nilikuwa nimeinama nikitazama ufunguo, kwa hivyo hakupata neno hata moja.