Mwandiko Mlangoni kwa Mama Beti

Nakumbuka siku moja kule Guangzhou, Uchina, mwanangu, nilisifiwa asubuhi na kufika mchana sina pa kuuficha uso. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Mbeya kununua nguo, na Watanzania wengi tulipanga vyumba katika jumba moja la mtaa wa Sanyuanli. Chini palikuwa na stoo na ofisi ya kusafirisha mizigo, na kazi moja ilikuwa yangu: kuandika marka, zile herufi za mwenye mali zinazoandikwa juu ya robota ili lisipotee bandarini. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami nilijua. Hata Mama Beti, mfanyabiashara wa Kikongo aliyekaa ghorofa ya pili na binti zake wawili, aliniletea marobota yake nimwandikie, akanipa chai na maandazi.

Basi marobota mawili ya jinzi ya mwenzetu yakatoweka stoo. Nani aliona? Hakuna. Lakini jina la Wakongo likaanza kutajwa. Lisemwalo lipo, tukaambiana, na samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni ya samaki, mwanangu, lakini siku ile tuliigeuza ya watu. Asubuhi ya siku hiyo tukakaa kikao, tukaafikiana milango yote ya Wakongo iandikwe K kubwa, mlinzi ajue wa kupekua na laobani, ndivyo tulivyomwita mwenye jumba, ajue wa kumtoa mwezi ukiisha. Nani ataandika? Wote wakanigeukia mimi, wakausifu mwandiko wangu. Sikufichi, nilifurahi.

Nilikuwa nimeshaandika milango mitatu, wa Mama Beti ukiwa wa kwanza, nikawa naanza wa nne, alipopanda ngazi Bibi Vifungo. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akinunulia kampuni moja ya Ulaya vifungo vya nguo. Mzungu, umri kama miaka sabini, na siku hiyo alikuwa ananitafuta nimwandikie marka kwenye maboksi yake. Akaniuliza kwa Kiingereza, K ni nini? Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha shule, tena kwa majivuno.

Hakunikaripia. Aliketi kwenye ngazi, akaniambia kwamba yeye ni Myahudi, mzaliwa wa Vienna. Alipokuwa na miaka kumi, kioo cha duka la baba yake kiliandikwa kwa rangi kwamba hapa ni kwa Myahudi.

"Aliyeandika ni fundi yuleyule aliyetuandikia jina la duka," alisema. "Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mama alizoea kumpa kahawa."

Baada ya hapo wateja wakaanza kupita ng'ambo ya barabara. Kisha duka likachukuliwa, kisha nyumba. Yeye na wazazi wake walipata meli ya kuwaleta Shanghai, mji uliowapokea bila kuwadai viza. Bibi yake alibaki Vienna. Alipakiwa kwenye treni pamoja na Wayahudi wengine, akauawa, kama walivyouawa mamilioni, si kwa kosa walilotenda bali kwa kuwa Wayahudi. Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kutaja vipimo vya vifungo.

Nikajitetea kwamba marobota yameibwa kweli.

"Basi mtafuteni aliyeiba," akasema. "Milango haiibi."

Akateremka, akachukua maboksi yake, akaenda kuyaandika mwenyewe.

Usidhani nalinganisha jumba letu na yaliyowapata Wayahudi. Sisi hatukuua mtu. Lakini angalia alipoanzia yule bibi. Hakuanza na treni, alianza na mwandiko, kwa kuwa aliyaona kwa macho yake na alijua yalivyofuatana. Sisi wengine tumesikia mwisho tu, ndiyo maana mwanzo ukitupitia mbele hatuutambui.

Nikatafuta spiriti na kitambaa. Wino wa marobota hautoki upesi, nikaisugua milango yote mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kisha nikabisha kwa Mama Beti. Alifungua, nyuma yake mabegi yalikuwa tayari yamefungwa, na binti zake wamekaa juu ya mabegi hayo. Nikamwambia ni mimi niliyeandika.

"Nilijua," akasema. "Ile mwandiko iko hata kwa mizigo yangu. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

Jioni hiyohiyo nilikiambia kikao kwamba siandiki tena, na mwingine akiandika nitaufuta mwandiko wake. Walinitukana wakachoka. Mwezi ulipoisha Mama Beti alikuwa bado na chumba chake. Marobota hayajapatikana mpaka leo, wala mwizi hatukumjua. Chai hakunipa tena, na sikumlaumu.

Mwanangu, aliyenusurika akisimulia, msikilize mpaka mwisho, hata kama hadithi yake ni ya mbali na kwenu. Mwizi ana jina lake. Ukisikia "wale wote", simama uulize ni nani hasa. Na kazi ya aibu haitafuti mtu mbaya, hutafuta mwenye mwandiko mzuri, mwenye gari, mwenye funguo, anayependa kusifiwa. Itakutafuta na wewe.

Mola akujalie mkono hodari, na siku ukiombwa kwa ubaya, aupe uzito usiinuke.