Nguzo Iliyokosa Mahali

Shangazi, Mungu amlaze mahali pema, hakuwahi kumkata mtu kauli. Hata muuza nyanya akianza habari za mguu unaomsumbua, Shangazi aliweka kapu chini akasikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana vijana na vyama vidogo vya mtaani walipopewa ghala la zamani, walifanye mahali pa pamoja pa kufanyia kazi na kujifunzia, walimweka yeye kuwa mwenyekiti. Alikuwa mwalimu mstaafu, hana chama wala upande. Alikubali kwa sharti moja: hakuna atakayepangiwa, watakaolitumia jengo ndio watakaolichora.

Wakalichora kweli, tena kwa miguu yao. Kila Jumamosi walikutana ndani ya ghala, wakachora vyumba sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa ule ule vitakavyokuwa, kisha wakatembea humo kama watu waliokwishahamia. Penye mlango waliacha pengo. Penye meza waliweka maboksi. Mchoraji, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, alisimama pembeni akipima na kuandika walichokubaliana.

Ukuta wa zamani uliogawa ghala katikati waliuchukia wote. Mchoraji akasema unaweza kuvunjwa, ila chini ya boriti kubwa inayobeba paa lazima isimame nguzo ya chuma, katikati kabisa. Akaweka kiti pale. Akawaambia hicho ndicho nguzo, wakipita wakizunguke.

Chama cha viziwi kilikuwa cha kwanza kulalamika, na haki ilikuwa yao. Mtu anayezungumza kwa mikono, akikaa nyuma ya nguzo, amefungwa mdomo. Kiongozi wao, dada mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa na utani kuliko ndimi za wengine, aliomba kiti kisogezwe kidogo tu. Shangazi, aliyejifunza lugha ya alama enzi za ualimu, akatafsiri. Kikasogezwa, kikaangukia kwenye njia ya washonaji. Washonaji nao wakakisukuma kwa vijana wa kompyuta.

"Sisi tukae na nguzo, kwani tumeioa?" akauliza kijana waliyembandika jina la Kompyuta, na ghala zima likacheka mpaka watu wakashika mbavu.

Kiti kikahama tena. Kila kilipohama Shangazi alimtazama Mchoraji, naye Mchoraji alitazama juu, akatazama zile nyuso zenye furaha, akasema itawezekana. Mwishowe kiti kikafika karibu na choo, ambako hapakuwa na mtu wa kukikataa. Mikono yote ikainuliwa. Shangazi akaanza sala ya kufunga kikao, na katikati ya sala, kama alivyomsimulia mumewe baadaye, akasikia ubaridi mgongoni, mithili ya mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka.

Ukuta ukavunjwa. Nguzo ikasimamishwa kule chooni, imara kabisa, haibebi chochote.

Mahali pakajaa watu. Vyerehani vilinguruma, vijana wakafundishana, vyama vikaacha kufanyia mikutano vibarazani. Ila mlango wa nyuma ulianza kugoma, ukawa haufunguki bila kupigwa bega. Kila asubuhi kulikuwa na vumbi laini sakafuni, limejipanga mstari mmoja chini ya boriti. Washonaji wakasingizia mchwa. Kompyuta akasema ghala limenenepa kwa kupendwa.

Shangazi hakucheka. Aliitisha kikao na, kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti, akasema anachofikiri yeye mwenyewe: nguzo irudi katikati, na mpaka irudi, jengo lifungwe.

"Lakini Mwenyekiti, si ulisema hatutapangiwa?" Kompyuta aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

"Nilisema, mwanangu. Nilidhani ndiyo heshima."

Kura zikamshinda. Wakakubaliana Mchoraji aje kupima Jumatatu, na kazi ziendelee kama kawaida. Nyumbani mumewe alimsihi asikanyage tena kule. Shangazi akamjibu kwamba alimuuliza kila mtu anataka nini, akasahau kuuliza paa linataka nini. Sasa awaache watoto wa watu chini yake, yeye akae sebuleni? Kesho yake aliburuta meza yake mpaka chini ya boriti, ili asikae mwingine. Wasichana wa cherehani waliona midomo yake ikitembea bila sauti, wakajua anasali, wakaacha kumtania.

Ijumaa mchana boriti ililia. Ilikuwa sauti ndefu, ya taratibu, kama lango kubwa linalofunguliwa na mtu asiye na haraka. Kila mwenye masikio alitupa alichoshika akakimbia. Shangazi alifika uani pamoja nao, akawapitishia macho, kisha akageuka. Viziwi walikuwa mwisho wa ukumbi, wameketi duara, wanachekeshana.

Kompyuta alimkamata mkono.

"Niachie," akamwambia. "Wenzenu hawajasikia."

Akaingia.

Viziwi walitoka wote salama kabla paa halijaanguka. Yule dada kiongozi wao ndiye aliyeisimulia familia msibani, pole pole, kwa vidole ambavyo siku hiyo havikuwa na utani. Aliinua macho akamwona Mwenyekiti amesimama katikati ya ukumbi, mahali ambapo kila mmoja wao angemwona, mikono juu, akiwaambia tokeni, tokeni. Vumbi lilikuwa likimmwagikia mabegani. Walimpita mbio, na mikono yake ilikuwa bado inasema.