Majani Yakikauka

Koti la dada yangu, anaporudi kutoka ghala la tumbaku kusini mwa Louisville, linanuka asali iliyochacha. Mimi nimetoka Columbus kuja kutoa mhadhara: jinsi vibarua wa kwanza wa Virginia walivyoahidiwa mwisho wa utumishi, kisha sheria ikawanyima weusi mwisho huo, na mtoto akarithi hali ya mama yake. Chuo kilinipa shahada kwa hayo, nami nikaipokea kana kwamba nimeyagundua.

Utotoni, kabla hatujavuka bahari kuja huku, tulilala chini ya tumbaku. Majani yalining'inia kwenye paa la kibanda cha shamba, na kapita, msimamizi wetu, alikuwa amemwambia mama, "Ikikauka, utaenda kwenu." Kila asubuhi nilipanda juu ya gunia nikayapapasa. Yalikuwa laini kama masikio ya ng'ombe, kisha magumu kama kiatu, na siku moja jani likavunjika mkononi mwangu.

"Mama, imekauka! Tunaenda!"

Mama akaja na ndoo, akaanza kuyanyunyizia maji. Nikamng'ang'ania mkono huku nalia.

"Bon, basi, acha makelele. Ikikauka sana inavunjikaka. Ilainike kwanza, njo tufunge."

Tukafunga. Kapita akanusa fungu moja, akaridhika, kisha akamwonyesha mama kitalu cha miche mipya.

"Na hii ikikauka?" nikamuuliza.

Kapita alicheka hadi akashika tumbo. "Huyu mutoto iko na akili! Mama akizeeka, njo yeye atabakia na hii kazi."

Mama naye akacheka, kwa adabu, akachukua jembe.